Sifuri Nyingi Siyo Bei Poa

Oya, tuambizane ukweli. Pita kijiwe chochote cha bodaboda Igogo, hapa Mwanza, kuanzia huku chini barabarani zinakopita daladala za Nyegezi na Buhongwa, hadi kule juu kwenye mawe ambako hata bajaji inanyoosha mikono. Lazima utamkuta mwana mmoja kashika simu yenye kioo kilichopasuka, anawashushia wenzake somo la kripto.

"Bitcoin mnaiona? Moja inakula mamilioni kwa mamilioni. Hiyo waachieni mabosi wa Capri Point. Sisi masela tunakamata hii hapa ya Shiba, buku jero tu unabeba koini elfu sitini. Ikifika dola moja, mwanangu, Igogo mtanisikia redioni."

Kijiwe kinawaka. Na ukiitazama juujuu, hesabu inakubali. Koini elfu sitini mara dola moja ni dola elfu sitini. Piga kwa shilingi 2,500 ili kichwa kisiume, unapata milioni mia moja na hamsini. Kwa buku jero! Nani ataacha?

Shida ni kwamba somo zima limesimama kwenye namba moja tu, bei ya koini moja, na hiyo ndiyo namba inayosema machache kuliko zote. Nenda Mwaloni pale Kirumba ukaangalie watu wanavyofanya biashara. Dagaa mmoja hana bei, hata jero hafiki, hata kumi hafiki. Sangara mmoja wa maana anaweza kukumaliza msimbazi kadhaa. Lakini umewahi kumsikia mchuuzi wa Mwaloni akisema dagaa ni rahisi kwa sababu dagaa mmoja hauzwi hata shilingi kumi? Wanapima kwa ndoo na kwa gunia, na yule tajiri aliyetoka Congo anauliza mzigo mzima unasimama shingapi na leo ziwa limetoa magunia mangapi. Mtoto wa Mwanza anayajua haya kabla hajajua kusoma. Akishika kripto ndiyo anaanza kununua dagaa mmojammoja.

Basi tuupime mzigo wa Shiba Inu, maana ndiyo iliyowadatisha wengi.

Koini hii ilizaliwa Agosti 2020 na mtu anayejiita Ryoshi, jina ambalo hadi leo hakuna anayejua ni la nani. Alitoa koini trilioni 1,000 kwa mpigo. Nusu yake akamrushia Vitalik Buterin, mmoja wa waanzilishi wa mtandao wa Ethereum, bila hata kumuomba. Mei 2021 Vitalik akachoka na huo mchezo: akazichoma zaidi ya trilioni 400, na trilioni 50 akazitoa sadaka kwa mfuko wa kusaidia India wakati wa Korona. Zikabaki kama trilioni 589.

Sasa rudisha ndoto ya kijiweni. Kila koini iwe dola moja maana yake Shiba yote iwe na thamani ya dola trilioni 589. Uchumi wa dunia nzima, yaani Marekani, China, Ulaya na sisi tunaovua hapa ziwani, kwa mwaka mzima wa 2024 ulikuwa kama dola trilioni 110. Ili mwana wetu ahame Igogo, dunia yote ifanye kazi zaidi ya miaka mitano bila kula, bila kodi ya pango, halafu kila senti iingie kwenye sarafu yenye picha ya mbwa.

Tushushe basi, tuseme senti moja ya dola. Hapo inatakiwa dola trilioni 5.89. Bitcoin yenyewe, ilipogonga kilele chake Oktoba 2025 kwa bei ya zaidi ya dola 120,000 kwa moja, yote kwa ujumla ilikuwa kama trilioni 2.5. Kwa hiyo hata hiyo senti moja inataka Shiba iwe zaidi ya mara mbili ya Bitcoin kwenye siku yake bora kuliko zote. Anayekuuzia ndoto ya dola moja kazidisha koini zako peke yako. Za wenzako hajazigusa.

Msinielewe vibaya, kuna watu walipiga mkwanja wa kutisha kwa Shiba. Waliokamata 2020 na kuuza Oktoba 2021 walitoboa kweli. Ila angalia kilichotokea. Walipoingia, Shiba yote kwa ujumla ilikuwa kitu kidogo sana; walipotoka, ilikuwa imevuka dola bilioni 40, zaidi ya nusu ya uchumi wa Tanzania wa mwaka ule. Safari ilikuwa ya mzigo mdogo kuwa mzigo mkubwa. Zile sifuri nyingi kwenye bei hazikuchangia chochote. Wewe unayeingia leo unapanda gari ambalo limeshatembea, ukiamini halijatoka stendi kwa sababu tu nauli imeandikwa kwa sifuri.

Wajuzi huuita huo mzigo mzima thamani ya soko: bei ya koini moja mara idadi ya koini zilizoko mkononi mwa watu. CoinGecko na CoinMarketCap wanakuonyesha bure, bando la mia tano linatosha. Ni namba ya kwanza kuangalia, na kwa mtazamo wangu bei ya koini moja ungeifunika kwa kidole gumba kabisa mpaka umalize kusoma mengine.

Hili wala halikuanzia kripto. Soko la Hisa la Dar es Salaam lina mfano uleule. Mwaka 2024 hisa moja ya NMB ilikuwa inazungukia shilingi elfu tano, ya CRDB mia sita hivi. Mtaani utasikia CRDB ni ya bei chee. Ila NMB wana hisa milioni 500, CRDB wana zaidi ya bilioni 2.6. Zidisha. Kwa bei ya hisa moja NMB alionekana mkubwa mara nane. Kwa mzigo mzima alimzidi CRDB kama mara moja na nusu tu. Kama unataka kujua benki ipi ni rahisi, unauliza inatengeneza faida kiasi gani kwa kila hisa. Bei pekee haikupi jibu.

Halafu kuna hii ya "Bitcoin siiwezi, ni mamilioni". Nani kakwambia lazima ununue nzima? Bitcoin moja inakatwa vipande milioni mia moja, kila kipande wanakiita satoshi, jina la mwanzilishi. Ukiwa na buku kumi unapata kipande cha buku kumi, kwisha. Weka laki kwenye Bitcoin na laki kwenye Shiba. Zote zikipanda kwa asilimia 20, kila upande unasoma laki na ishirini. Simu haikuulizi una koini ngapi. Ila bongo zetu zinapenda kuwa na "milioni" ya kitu kuliko "sifuri nukta sifuri" ya kitu, na wanaotengeneza hizi sarafu wanalijua hilo vizuri sana. Unadhani ile trilioni 1,000 ilitokea kwa bahati mbaya?

Sasa tuje kwenye kidonda cha mtaa: Pi.

Tangu Machi 2019 masela wamekuwa wakibonyeza kile kitufe cha radi kila siku kama dozi. Bure, simu haichemki, unaalika washkaji, unasubiri. Sina neno na hilo, bure ni bure. Neno langu ni kwa wale waliokuja na bei yao. Kuna kundi kubwa duniani, na Bongo limejaa kwenye magrupu ya WhatsApp, linaloamini Pi moja ni dola 314,159, eti "bei ya makubaliano". Wapo waliotangaza viwanja kwa Pi nusu. Haya, Pi zimepangwa kuwa bilioni 100. Zidisha kwa hiyo bei: dola trilioni 31,400 na ushee, kama mara 280 ya uchumi wa dunia wa mwaka. Mtu yeyote aliyefika darasa la saba angeipiga hesabu hiyo kwenye kitochi akalala zake. Sema ni kwamba ndoto haipendi kalkuleta.

Soko lilipofunguliwa tarehe 20 Februari 2025 likaja na bei yake lenyewe. Siku chache baadaye Pi iligusa karibu dola tatu, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa chini ya senti 30. Huku nyuma koini nyingine zilikuwa bado zimefungwa zikifunguliwa kidogokidogo, kila siku watu wapya wanapata ruhusa ya kuuza. Waliobonyeza bure na kuuza mapema walipata cha kununulia godoro la geto, freshi. Aliyekopa ili anunue kwa dola mbili na nusu akisubiri 314,159, huyo mwacheni kwanza apumzike.

Hamster Kombat ya 2024 ilikuwa fupi zaidi lakini somo ni lilelile. Watoto wa mtaa walikuwa wanagonga skrini mpaka kidole kinavimba, kwenye daladala, kwenye foleni ya maji, kanisani wengine. Tarehe 26 Septemba 2024 mgao ukatoka, bei ikaanzia kwenye senti moja hivi. Waliostahili mgao walizidi watu milioni mia moja. Sasa wewe gawanya mwenyewe mzigo wa koini bilioni 100, ambao karibu bilioni 60 ndizo zilikwenda kwa wachezaji, kwa vichwa hivyo vyote. Wengi waliambulia dola chache. Na kwa kuwa kila mmoja alipewa siku moja na kila mmoja alikuwa na shida ileile ya hela, wote wakakimbilia kuuza kwa pamoja. Kufika Novemba bei haikufika hata nusu ya ile ya kuanzia. Jiulize: koini ambayo kila aliyenayo alipewa bure na anataka kuuza leo, mnunuzi wake ni nani?

Idadi ya leo nayo haitoshi, uliza na ya kesho. Dogecoin, iliyoanzishwa Desemba 2013 kama utani na Billy Markus na Jackson Palmer, haina kikomo. Kila dakika zinazaliwa koini 10,000, ambazo kwa mwaka ni kama bilioni 5. Tuseme bei ni senti 10: kila siku wanatakiwa watu wa kuleta dola milioni 1.44 mpya ili bei isimame palepale tu, hapo bado haijapanda. Bitcoin nayo inatoa mzigo mpya, tusijidanganye, ila ilikatwa nusu Aprili 2024 na sasa zinatoka koini kama 450 kwa siku, chini ya asilimia moja ya zilizopo kwa mwaka, na zikifika milioni 21 basi. Doge inaongezeka kwa zaidi ya asilimia tatu. Tofauti hiyo huioni kokote kwenye bei.

Na kuna pale idadi inapochizika. LUNA mwaka 2022 ilikuwa sarafu ya watu wa maana, Aprili ilivuka dola 110 kwa moja, na zilikuwa kama milioni 350 hivi. Ilifungwa kamba na dada yake TerraUSD iliyotakiwa kubaki dola moja daima: mtu akitoka kwenye TerraUSD, mfumo unamchapishia LUNA mpya. Mei watu wakakimbia kwa pamoja, mashine ikachapa usiku na mchana, na ndani ya siku chache LUNA zikawa zaidi ya trilioni 6. Sasa wakaja wazee wa fursa. Wameona kitu kilichokuwa dola 80 juzi leo kinauzwa dola moja, wakasema hili ni zali, punguzo la karne. Aliyeweka laki moja kwa bei ya dola moja alibaki na kama shilingi kumi bei ilipogusa sehemu moja ya elfu kumi ya dola. Shilingi kumi, mwanangu, hata pipi hupewi. Kuporomoka kwa bei siyo punguzo kama huku nyuma mzigo unaongezeka mara maelfu.

Swali linalofuata, nani kashika mzigo? Hapa mchukue Trump. Tarehe 17 Januari 2025, siku tatu kabla hajaapishwa, ikatoka koini yenye jina lake. Ndani ya siku mbili ilivuka dola 70 na magrupu yakapagawa. Lakini kwenye tovuti yao wenyewe ilikuwa imeandikwa wazi: koini zote bilioni moja, zilizoachiwa sokoni milioni 200. Nyingine milioni 800 ziko kwa kampuni zinazohusiana naye, zinafunguliwa ndani ya miaka mitatu. Hiyo bei uliyokuwa unaiona ilikuwa bei ya sehemu moja ya tano tu. Kufika Aprili ilikuwa chini ya dola 10. Hakuna aliyefichwa, watu hawakusoma.

Kwa koini ndogondogo huna haja ya kusubiri mtu akuandikie. Etherscan kwa zile za Ethereum na Solscan kwa za Solana zinakuonyesha orodha ya waleti kubwa kwa asilimia. Ukiona waleti kumi zimekalia asilimia 80, jua mapapa wanangoja wewe uingie ili wao watoke. Kuna baadhi ya waleti hizo ni za masoko kama Binance, zinabeba mizigo ya watu wengi, hivyo usikurupuke kutoa hukumu. Zimeandikwa majina, soma tu pembeni.

Tukija kwenye kuuza, hapa ndipo vijana wengi wanalizwa huku simu inawaonyesha faida. Oktoba 2021 ilitoka koini ya SQUID, imedandia umaarufu wa ile tamthilia ya Korea. Ilianza kwa senti, na tarehe 1 Novemba ilikuwa imevuka dola 2,800. Mtu ana mamilioni kwenye skrini, anataka kutoa hata ya chipsi mayai, haitoki. Programu yake ilikuwa imetengenezwa hivyo, kununua ruksa, kuuza hamna. Waanzilishi wakazoa dola zaidi ya milioni tatu wakapotea, bei ikawa sifuri ndani ya dakika. Bei ya kitu kisichouzika ni namba tu ya kupigia picha.

Hata bila utapeli hili lipo. Hisa ya TBL pale Dar es Salaam ilikaa miaka mingi kwenye shilingi 10,900 bila kutikisika, kampuni kubwa, bia inanyweka, ila wauzaji na wanunuzi wa hiyo hisa walikuwa wachache mno kwa siku. Kwenye koini za mtaani ni mara mia zaidi. Nikiitengeneza koini leo hapa Igogo, koini bilioni moja, nikakuuzia wewe kumi kwa dola kumi, tayari kwa hesabu ya karatasi mimi ni bilionea wa dola. Nikijaribu kuuza ya kumi na moja ndiyo utaujua ubilionea wangu. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa koini tafuta mauzo ya saa 24. Thamani ya soko dola milioni 500 na mauzo ya siku dola elfu nane? Kausha, pita kushoto.

Kuna wengine hawana hata blokcheni, lile daftari la wazi la miamala, wana tovuti tu na suti. OneCoin ya Ruja Ignatova ilikula zaidi ya dola bilioni 4 duniani, na hapo ng'ambo ya ziwa, Uganda, watu waliuza mpaka ng'ombe. Ile bei yao ilikuwa inapanda kila msimu kwa utulivu kabisa, hadi euro 29.95, kwa sababu walikuwa wanaiandika wenyewe. Hakuna soko lililoipanga. Mama kapotea tangu Oktoba 2017 na FBI wanamtafuta hadi leo, mwenzake Karl Greenwood alipigwa miaka 20 mwaka 2023. Uganda hiyohiyo ikaja Dunamiscoins, Desemba 2019 vijana wakaamka ofisi zimefungwa. Na sisi tusicheke, wazazi wetu walipanda mbegu kwenye mpango wa DECI mpaka serikali ilipoifunga 2009, na mwanzoni mwa 2025 wenzetu walikuwa wanalipwa kutazama video za LBL hadi Benki Kuu na Polisi zilipoingilia. Dalili ni moja: bei haishuki kamwe, na hela yako inaongezeka ukileta mtu.

Mwisho wa uchunguzi ni kuuliza inafanya kazi gani. USDT inajulikana: ni dola ya kwenye simu, wapo wafanyabiashara wanaolipia nayo mzigo China. Ndiyo maana hakuna anayeinunua akitegemea ifike dola kumi, kazi yake ni kubaki moja. Ethereum, watu wanalipa ada ili programu zao zipite juu yake. Bitcoin, watu wanahifadhi, na kikomo chake kiko wazi. Unaweza kubishana na kila moja ya hizo, ila kuna kitu cha kubishania. Sasa ile koini yako ya kinyago cha mbwa kavaa kofia, ukiulizwa inafanya nini ukajibu "itapanda", hilo siyo jibu, hiyo ni dua. Sikukatazi kuweka buku mbili kwa mzuka. Masela wanabeti mikeka kila Jumamosi na maisha yanaendelea. Ila mkeka uite mkeka, usiuite uwekezaji ukaenda kuchukua hela ya ada ya mdogo wako.

Wala usinielewe kwamba koini yenye mzigo safi haikuumizi. Bitcoin, yenye kikomo, wanunuzi wa kumwaga, kila kitu hadharani, ilishuka kutoka karibu dola 69,000 Novemba 2021 hadi chini ya 16,000 mwaka mmoja baadaye. Laki yako inabaki elfu ishirini na tatu, hapo huna wa kumlaumu. Haya maswali yanakuondoa kwenye vitu vya kipuuzi, hayakupi faida.

Na sheria zetu usizisahau. Novemba 2019 Benki Kuu (BoT) ilitoa tangazo kwamba sarafu hizi hazitambuliki nchini, hela halali ni shilingi. Halafu Juni 2021, hapahapa Mwanza, kwenye ufunguzi wa jengo la BoT, Rais Samia akawaambia Benki Kuu waanze kujiandaa kwa blokcheni na sarafu za mtandaoni. Kijiwe kikachukulia ni ruksa rasmi, watu wakaingia kichwakichwa. Haikuwa ruksa, ilikuwa agizo la kujiandaa. Kilichokuja baadaye kwa uhakika ni kodi: Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka zuio la asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali, kuanzia Julai mwaka ule. Kodi ipo, ila bima ya amana iliyopo kwa mteja wa benki kwenye kripto haipo. Ukimtumia mtu wa P2P, yaani wa kuuziana koini ana kwa ana, hela kwa simu nje ya mfumo wa soko kwa sababu kakupa bei nzuri kidogo, ukilizwa utapewa RB polisi na ndiyo itakuwa risiti yako.

Kwa hiyo leo jioni, kabla ya kuchangia mada kijiweni, fungua simu utafute ile koini uliyoishika sasa hivi. Andika ziko ngapi, zitakuwa ngapi mwakani, waleti kumi za juu zimebeba asilimia ngapi, na jana imeuzwa kiasi gani. Ukikosa hata moja kati ya hizo namba nne, uza ukiwa bado unaweza kuuza.